Je, wajua chini ya RAV4 kuna nini?

Ukienda kuangalia RAV4 inayouzwa, rangi na redio viache kwanza. Piga magoti nyuma ya gari, uchungulie katikati ya matairi mawili ya nyuma. Ukiona bonge la chuma, yaani difu, na propela inayotoka mbele kulifuata, basi gari hilo linavuta kwa matairi yote manne. Pakiwa patupu, umeletewa gari la kuvuta mbele tu, lililonyanyuliwa kidogo. Kwa mkazi wa Masaki, Dar es Salaam, si hoja. Kwa familia ya Gendabi, kata iliyo chini ya Mlima Hanang', hapo ndipo penye bei yote.

Lami ya Babati hadi Singida, inayopita Katesh, haibagui gari. Kazi huanza ukiiacha. Hanang' ni volkano iliyozimika, yenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, na mvua za masika zikishika, barabara za udongo huteleza kama sabuni. Humo ndimo Toyota Noah za zamani zilimozeekea. Noah ile ya 1996 hadi 2001, watu huiita SR40, injini yake imelala chini ya viti vya mbele na nguvu inakwenda matairi ya nyuma. Ikiwa tupu, nyuma ni nyepesi, na tairi linazunguka papo hapo. Sasa bushi zimekwisha, mlango wa pembeni unafungwa kwa kubembelezwa, na mwenye gari ameanza kuulizia RAV4.

Toyota waliionyesha kwanza Tokyo mwaka 1989 kama gari la majaribio, wakaanza kuiuza mwaka 1994. Magari mengi ya porini ya wakati ule, kama Land Cruiser, bodi zake zilifungwa kwa bolti juu ya chasisi nzito. RAV4 ilijengwa kama Corolla: bodi na chasisi ni kitu kimoja. Ndiyo maana ile ya kwanza ya milango mitatu ilikuwa na uzito wa kilo 1,150 hivi tu, na kwenye tope wepesi ni msaada mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Bongo imeipa majina yake, Kilitime na Miss Tanzania, na muuzaji akikutajia hayo usiridhike. Yanakuambia umbo, hayakuambii kilicho chini.

Fundi aliyezoea Noah hatahangaika na RAV4 ya kwanza, kwa kuwa zote mbili zilifungwa injini ya 3S-FE ya lita 2.0. Ya kizazi cha pili, iliyotoka mwaka 2000, inataka tahadhari. Fungua boneti: nyingi zilizouzwa Japani zina maandishi D-4 kwenye kifuniko cha injini. Maana yake petroli inanyunyizwa moja kwa moja ndani ya silinda badala ya kupita kwenye vali za kuingizia hewa. Vali hizo hukosa wa kuziosha, masizi yanajijenga, na gari linaanza kutetemeka likiwa limesimama. Binafsi, mbali na mji, hiyo ningeiacha.

Huko kwenye boneti soma pia kibao cha chasisi. ACA21 na ACA31 zinavuta kwa matairi manne. ZCA26 na ACA36 zinavuta mbele tu. Herufi hizo ni za kweli kuliko stika ya 4WD, maana stika inauzwa dukani.

ACA31, ya kizazi cha tatu, ina ujanja wake. Barabara ikiwa nzuri hutumia matairi ya mbele. Yakianza kuteleza, kompyuta hupeleka umeme kwenye sumaku iliyo karibu na difu ya nyuma, sumaku inabana visahani, na hadi karibu nusu ya nguvu inahamia nyuma. Kitufe cha LOCK huvishikilia vibane, lakini ukivuka kilomita 40 kwa saa vinajiachia vyenyewe. Mfumo huu unachukia matairi yasiyolingana: ukinunua tairi moja jipya na kuacha matatu yaliyokwisha, visahani vinasuguana safari nzima na kupata moto. Na matairi manne yanakusaidia kuondoka, hayakusaidii kusimama. Breki kwenye mteremko wenye tope ni ileile ya Noah.

Wala gari lenye nafasi ya sentimita 19 kutoka ardhini haliwezi kubishana na maji ya mlima. Watu wa Gendabi na Katesh waliyaona tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe viliposhuka kutoka Hanang'. Hakukuwa na cha RAV4 wala lori.

Wapinzani wapo. Nissan X-Trail ya NT30 ina swichi ya kuchagua mwenyewe, na injini yake ya lita 2.0 iko chini ya cc 2000, pale ushuru wa bidhaa unapopanda kwa gari linaloagizwa. ACA31 ina cc 2,362, imeshavuka. Juu ya hapo, gari lenye zaidi ya miaka 10 tangu litengenezwe huongezwa asilimia 30 ya uchakavu. Ndiyo maana wengi hutafuta lililokwisha kusajiliwa nchini. Suzuki Escudo ina seti ya gia za chini za kupandia vilima, ambayo RAV4 haina. Anayebeba mahindi kutoka shambani ningemwelekeza huko.

Linabaki suala ambalo wauzaji hulipita haraka: viti. Noah inakalisha watu wanane, RAV4 watano. Toyota walitoa Vanguard mwaka 2007, ndugu wa ACA31 mwenye safu ya tatu; yenye ACA33 kwenye kibao ndiyo ya matairi manne. Safu hiyo inamtosha mtoto wa darasa la tatu. Bibi anayepelekwa kliniki Katesh atakaa mbele, na anayekaa mbele siku zote itabidi ahamie nyuma na magoti yake.