Trekta la babu bado linalima, lakini kifuniko cha shafti kiko wapi?

Katika maboma mengi ya Uasin Gishu na Trans Nzoia, kuna kitu kimoja kilichorithiwa pamoja na shamba: trekta la Massey Ferguson 135. Lilianza kuundwa mwaka 1964 huko Coventry, Uingereza, na baadaye modeli nyingine ikachukua nafasi yake. Hata hivyo, msimu wa kulima ukifika bado linawashwa, pengine kwa kusukumwa, na karo ya muhula hutoka humo.

Linalolisaidia ni injini yake ya Perkins ya silinda tatu. Injini ya aina hiyo iliendelea kutumika katika MF 240, trekta lililoundwa Pakistan kwa miaka mingi, hivyo ringi na gasketi bado zinauzwa. Kazi ni kujua ipi inaingia. Baada ya nusu karne, trekta moja huwa limeunganishwa na vipande vya matatu. Mzazi anayekwenda dukani na jina "135" tu atarudi huko kesho. Ni afadhali anakili nambari iliyochongwa kwenye bloku ya injini, kisha abebe kipuri kilichoharibika chenyewe, hata kikiwa kinachuruzika oili.

Kuna kipuri kimoja ambacho wengi hawakiulizii kabisa: kifuniko cha shafti ya nyuma, ile inayozungusha mashine ya kupukuchua mahindi. Kikivunjika trekta haliachi kufanya kazi, na ndiyo maana hakirudishwi. Shafti hiyo huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara tisa kila sekunde. Leso ya mama au mkono wa sweta ya mtoto ukinaswa, hakuna atakayewahi kuzima injini. Na upukuchuaji mara nyingi hukutana na likizo ya Desemba, watoto wote wakiwa nyumbani, kila mmoja akitaka kushika gunia.

Kifuniko cha upande wa trekta, fundi wa jua kali anaweza kukichomelea kwa bati nene. Kile cha plastiki kinachovalishwa shafti yenyewe hununuliwa, na hupimwa kwa urefu na unene wa shafti, si kwa umri wa trekta. Mpaka kipatikane, mashine ikiwashwa watoto wabaki upande wa jikoni.