Daktari wa Mifugo

Mtu akiugua huenda hospitali akamweleza daktari mahali panapomwuma. Ng'ombe hawezi kufanya hivyo. Husimama tu akiinamisha kichwa, wala hasemi kama ni homa au ni tumbo. Kwa hiyo anayetibu wanyama hana budi kujifunza kuzitambua dalili kwa macho, kwa mikono na kwa vipimo. Mtu huyo ni daktari wa mifugo.

Tuitazame kazi yake katika pwani ya Tanga. Katika vichaka vya Pangani, kuelekea Saadani, wako mbung'o. Mbung'o ni nzi anayefyonza damu. Akimwuma mnyama mgonjwa hubeba vijidudu viitwavyo tripanosoma, kisha huwaambukiza wanyama wengine ugonjwa wa nagana. Ng'ombe mwenye nagana hupata homa, hupungukiwa na damu, hukonda, na maziwa yake hupungua. Huko Mkwaja, wilayani Pangani, palikuwa na ranchi kubwa iliyoanzishwa mwaka 1954. Ng'ombe wake walichomwa sindano za kuwakinga na nagana kwa miaka mingi, lakini ugonjwa haukuisha. Ranchi hiyo ilifungwa mwaka 2000, na sasa eneo lake limo katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani.

Sasa fikiri juu ya mfugaji wa Muheza ambaye ng'ombe wake ana homa. Je, ni nagana, au ni ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe? Dawa zake si moja. Daktari humpima ng'ombe joto kwa kipimajoto. Ng'ombe mwenye afya huwa na nyuzi 38 hadi 39 hivi. Humpapasa tezi zilizo chini ya masikio, kwa maana ndigana kali huzivimbisha. Kisha hutoa tone la damu katika mshipa wa sikio, akalitandaza juu ya kipande cha kioo na kulitazama kwa hadubini. Akiziona tripanosoma katikati ya chembe za damu, amepata jibu. Mfugaji anayenunua dawa kwa kubahatisha hupoteza fedha, na pengine ng'ombe pia. Isitoshe, dawa ikitumiwa ovyo vijidudu huizoea, nayo haiwaponyi hata ng'ombe wa jirani.

Daktari wa mifugo huwalinda watu vilevile. Katika machinjio, yeye au mkaguzi wa nyama humtazama mnyama kabla hajachinjwa, kisha huyachunguza maini na mapafu yake. Nyama iliyo salama hupigwa mhuri. Huwachanja mbwa ili wasipate kichaa. Mnyama akifa ghafula, na damu isiyoganda ikamtoka puani, huenda ni kimeta. Mzoga huo usipasuliwe wala usichunwe! Kimeta huua watu, na viini vyake hukaa udongoni kwa miaka mingi. Daktari huamuru mzoga uchomwe moto au ufukiwe katika shimo refu.

Kazi nyingine huhitaji wataalamu wengi pamoja. Katika kituo cha utafiti wa mbung'o mjini Tanga walifugwa mbung'o wengi mno. Madume yalipigwa mionzi ili yasiweze kuzalisha, na tangu mwaka 1994 yakamwagwa kwa ndege juu ya kisiwa cha Unguja. Jike la mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani. Likipandwa na dume la namna hiyo halipati watoto. Mbung'o wa mwisho kisiwani alinaswa mwaka 1996.

Anayetaka kuwa daktari wa mifugo husoma sayansi, hasa biolojia na kemia, mpaka kidato cha sita. Kisha husoma miaka 5 katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Kabla mafunzo hayo hayajaanza Morogoro mwaka 1976, Watanzania waliyafuata Kabete, nchini Kenya. Kwa sheria ya mwaka 2003, lazima pia asajiliwe na Baraza la Veterinari. Wasaidizi wake husomea vyuo vya mifugo, kama kile cha Buhuri karibu na mji wa Tanga. Hao ndio mabwana na mabibi mifugo mnaowaona vijijini.

Kazi ya kufanya: Mwulize mfugaji wa karibu nawe jinsi anavyowakinga ng'ombe au mbuzi wake na kupe. Andika majibu yake katika daftari lako.