Kutamka Si Kuelewa

Mtoto wa gredi ya tatu akisoma aya ya Kiingereza mpaka mwisho bila kukwama, mzazi hufurahi na darasa humpigia makofi. Furaha hiyo huenda ikawa ya mapema. Mwaka 2016, watafiti Benjamin Piper, Leila Schroeder na Barbara Trudell walichapisha matokeo ya kuwapima wanafunzi wa Kenya kwa Kiingereza, Kiswahili na lugha ya mama, yaani Dholuo au Gikuyu. Watoto walisoma Kiingereza kwa kasi zaidi, lakini katika maswali ya ufahamu Kiingereza ndicho kilichowashinda. Basi wepesi wa ulimi hautoshi kuwa kipimo cha kusoma. Ufahamu hujengwa kwa mazungumzo, tena katika lugha anayoimudu mtoto.

Mwaka 1986, Philip Gough na William Tunmer walieleza kusoma kama hesabu ya kuzidisha: uwezo wa kutambua maneno yaliyoandikwa mara uwezo wa kuelewa lugha yenyewe. Kimoja kikiwa sufuri, jibu ni sufuri. Chukua kifungu kifupi: wanawake wa Dunga, ufuo wa Ziwa Victoria mjini Kisumu, wameanika dagaa waitwao omena, wingu zito likatanda juu ya ziwa, wakakimbilia ufuoni na mabeseni. Swali la "Walianika nini?" hujibiwa kwa kunakili neno moja, hata na asiyeelewa kitu. Jibu la "Kwa nini walikimbia?" halikuandikwa popote, lazima mtoto aunganishe wingu, mvua na omena inayooza ikilowa. Mtoto wa ufuoni anayajua hayo kabla hajaanza shule. Akiyaeleza kwa Dholuo, kisha mwalimu akampa maneno ya Kiswahili na Kiingereza ya kuyasemea, amefundishwa kuyafikiria maandishi. Akibanwa na Kiingereza peke yake hunyamaza, na ukimya wake hudhaniwa kuwa ujinga.

Wapo wanaohofia kwamba Dholuo itawachelewesha watoto, kwa kuwa mitihani mingi huandikwa kwa Kiingereza. Hofu hiyo ina msingi, ila ustadi wa kutafuta sababu, kubashiri yajayo na kusimulia upya haufungwi na lugha moja. Aliyeupata katika Dholuo huuhamishia Kiingereza. Kinachobaki ni msamiati, na msamiati hufundishika. Wengine husema Kisumu ni mji mchanganyiko, wenye Wajaluo, Waluhya na Wakisii katika darasa moja. Ni kweli, na sera imeliona hilo: tangu Ripoti ya Gachathi ya 1976 kuhusu elimu ya Kenya, madarasa matatu ya mwanzo yanapaswa kufundishwa kwa lugha ya eneo, na mjini lugha hiyo inaweza kuwa Kiswahili. Cha msingi ni lugha ambayo watoto wa darasa hilo wanaizungumza.

Hata penye vitabu vichache, mwalimu anaweza kuuliza "kwa nini?" na kulisubiri jibu. Nawe mzazi, mwanao akifunga kitabu jioni, mwambie akusimulie alichosoma kwa lugha ya nyumbani. Akishindwa kusimulia, bado hajasoma.