Uwanja Hugawanywa kwa Saa

Kamati ya uwanja wa jamii inapokaa kwa mara ya kwanza, mazungumzo karibu yote huwa ya vitu: nyasi za asili au bandia, uzio wa matofali au wa seng'enge, taa ngapi, jukwaa la watu wangapi. Haishangazi, maana fedha nyingi huishia huko, na mfadhili hupenda kuacha kitu kinachoonekana. Lakini uwanja ukishafunguliwa, msimamizi hana tena matofali ya kugawa. Anachogawa ni muda, na muda huo ni mchache kuliko wengi wanavyodhani. Dar es Salaam iko karibu na ikweta, kwa hiyo mwaka mzima jua huzama kati ya takriban saa 12:10 na saa 12:50 jioni. Hatuna zile jioni ndefu za kiangazi cha Ulaya ambako mtoto anaweza kucheza hadi saa 3 usiku bila taa. Mfanyakazi akitoka kazini saa 10, na mwanafunzi akisharudi nyumbani na kuvua sare, jioni yote imebaki saa mbili na nusu. Zidisha kwa siku saba, unapata saa 17 na nusu. Ongeza asubuhi za Jumamosi na Jumapili, kuanzia saa 1 hadi saa 4 kabla jua halijawa kali, unafika saa 23 na nusu kwa wiki. Saa nyingine za mchana uwanja upo lakini watu wako kazini na shuleni, au joto linawafukuza. Nyasi bandia hasa hupata moto mkali saa za adhuhuri. Kazi kubwa ya anayeendesha uwanja wa jamii, basi, ni kuamua nani apewe hizo saa 23 na nusu. Aamue kwa makusudi, kwa sababu asipozigawa zitachukuliwa na wenye nguvu.

Namna zinavyochukuliwa anaijua kila aliyewahi kupita kando ya uwanja wa wazi. Vijana wa kiume wenye mpira hufika mapema, hupanga magoli, na eneo lote huwa lao mpaka giza. Siku nyingine maveterani huwahi, na mambo huwa yale yale. Watoto wadogo hubaki pembeni wakiokota mipira inayotoka nje, wasichana hupita wakielekea dukani, na wazee hawafiki kabisa. Hakuna aliyewakataza, na ndiyo maana ni vigumu kwa kamati kuona kwamba kuna watu waliokosa. Mjini Vienna, Austria, utafiti wa katikati ya miaka ya 1990 kuhusu bustani za umma ulionyesha kwamba wasichana wakishavuka umri wa miaka tisa hupungua sana bustanini, ilhali wavulana huendelea kuja. Wakuu wa jiji hawakuhitimisha kwamba wasichana hawapendi kucheza. Mwaka 1999 walianza kutengeneza upya bustani mbili za wilaya ya Margareten: maeneo makubwa ya wazi yakagawanywa kuwa madogo, zikaongezwa njia za kupita na sehemu za voliboli na badminton, na wasichana wakarudi bila wavulana kufukuzwa. Vienna ina bajeti na desturi zake, lakini kanuni iliyojitokeza pale inafanya kazi popote: eneo moja kubwa lisilogawanywa huishia mikononi mwa kundi lililozoea kulichukua.

Wapo watakaosema kwamba kwetu kikwazo ni mila, si mpangilio. Kwamba mzazi hataki binti yake aonekane uwanjani. Hoja hii ina ukweli, ila haielezi mbona netiboli imechezwa na wasichana mashuleni kwa vizazi kadhaa, na mbona wazazi hao hao huwaruhusu mabinti zao kusafiri hadi mkoa mwingine kwa ajili ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari. Tofauti ya shule na uwanja wa mtaa inaweza kuorodheshwa. Shuleni kuna mwalimu anayejulikana, saa inayojulikana, wasichana wengine wengi, mahali pa kubadilishia nguo, na uhakika wa kufika nyumbani kabla ya giza. Mambo yote matano yako ndani ya uwezo wa msimamizi wa uwanja. Kipindi cha wasichana kiwe saa 10:00 hadi saa 11:15, kisisukumwe kwenda jioni kabisa. Kocha awe mtu anayefahamika mtaani, na ikiwezekana awe mwanamke. Choo kiwe na maji, na mlango wake uwe na komeo la ndani linalofanya kazi. Njia ya kwenda chumba cha kubadilishia isipite mbele ya benchi wanapokaa vijana wakisubiri zamu. Komeo na njia ni gharama ndogo sana, lakini kwa msichana wa miaka 14 ndivyo vinavyoamua kama wiki ijayo atarudi.

Saa ikishagawiwa, eneo nalo ligawiwe. Uwanja wa soka wa mita 105 kwa 68 una ukubwa wa zaidi ya viwanja 15 vya netiboli, na mechi moja ya kawaida huutumia wote kwa watu 22. Chora mistari ya chokaa, uugawe sehemu nne, weka magoli madogo, na watu 50 watacheza kwa wakati mmoja, kila mmoja akigusa mpira mara nyingi zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku, na linakadiria kuwa zaidi ya asilimia 80 ya vijana balehe duniani hawafikii kiwango hicho. Mtoto aliyekaa benchi kusubiri kaka zake wamalize dakika 90 hajapata hata moja kati ya hizo 60. Kwa hiyo mimi ningeacha mechi ya uwanja mzima iwe tukio la mwisho wa wiki, na siku za kawaida ziwe za viwanja vidogo. Kalenda nayo ifuatwe kwa uaminifu. Mwezi wa Ramadhani mtaa wenye Waislamu wengi hautacheza saa 11 jioni watu wakiwa wamefunga. Vipindi vihamishwe baada ya tarawehe kama taa zipo. Masika nyasi za asili zilizolowa zifungwe siku mbili tatu, maana mechi moja kwenye tope inaweza kuharibu kazi ya miezi.

Pingamizi zito kuliko yote ni la fedha. Mlinzi anataka mshahara, umeme wa LUKU unaisha, nyavu zinachanika, na nyasi bandia za aina ya zile za JMK Park pale Kidongo Chekundu, uwanja uliofunguliwa mwaka 2015, huhitaji kubadilishwa baada ya takriban miaka kumi kwa gharama kubwa. Maveterani wanalipa taslimu. Watoto hawana kitu. Je, si busara kuwapa saa nzuri wanaolipa? Uwanja usiolipia gharama zake utafungwa, na ukifungwa watoto ndio wa kwanza kupoteza, kwa hiyo anayeuliza swali hili anastahili jibu kamili. Jibu langu ni kwamba msimamizi anauza saa zisizo sahihi. Taa huzalisha saa mpya ambazo hazikuwapo: kuanzia saa 12:30 jioni hadi saa 3:30 usiku, wakati ambao watoto wanapaswa kuwa nyumbani na watu wazima wenye ajira ndio kwanza wamepata nafasi. Hizo ndizo za kukodisha kwa bei kamili, bei inayolipia umeme wake na kubakiza akiba ya kubeba saa za jua. Kampuni zinazotaka bonanza la wafanyakazi zilipe zaidi. Vikundi vya joging vya alfajiri vichange kidogo. Saa 10 hadi saa 12:30 za siku za kazi zibaki kwa watoto, wasichana na wasio na uwezo, na kamati iliandike hilo kwenye kanuni kabla ya kukodisha saa hata moja.

Wala malipo si lazima yawe shilingi. Nairobi, chama cha michezo cha vijana wa Mathare, MYSA, kilichoanzishwa mwaka 1987 na Bob Munro, kiliunganisha ligi na usafi wa mitaa: timu inayoshiriki kuzoa taka huongezewa pointi kwenye msimamo wa ligi. Kanuni hiyo ina akili nyingi. Mtoto asiye na senti analipa kwa kazi inayoonekana, mtaa unapata mitaro inayopitisha maji, na mzazi aliyeona michezo ni uzururaji anaona mwanawe ameshika reki. Ligi iliyoanza na timu za watoto ilizaa baadaye Mathare United, bingwa wa Ligi Kuu ya Kenya mwaka 2008, ingawa kwangu zile pointi za usafi ni mafanikio makubwa kuliko kombe.

Mtu mzoefu atauliza: ratiba hiyo itadumu siku ngapi kabla diwani hajahitaji uwanja kwa mkutano wa hadhara, au tajiri fulani kwa harusi? Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwaka 2009, alichunguza kwa miongo kadhaa jinsi jamii zinavyotunza malisho, misitu, maji ya umwagiliaji na maeneo ya uvuvi yanayomilikiwa kwa pamoja. Alikuta kwamba zile zilizodumu zilikuwa na mambo yanayofanana: mipaka inayojulikana, watumiaji wanaoshiriki kutunga kanuni, usimamizi wa karibu, na adhabu zinazoanza ndogo na kupanda. Uwanja ni mali ya aina hiyo hiyo. Shughuli ya nje iruhusiwe, lakini kwa taarifa ya wiki mbili, kwa dhamana ya kurekebisha uharibifu, na kwa sharti kwamba kundi lililoondolewa linarudishiwa saa zake wiki hiyo hiyo. Kikundi kinachozidisha muda kikumbushwe mara ya kwanza, kikose kipindi mara ya pili, kikose mwezi mara ya tatu. Mkubwa anayetaka kuvunja ratiba iliyoko kichwani mwa msimamizi anapiga simu moja tu. Ratiba iliyotungwa na viongozi wa vikundi 12 na kubandikwa getini itamlazimu aongee na wote 12.

Pingamizi lililobaki ndilo ninaloliheshimu zaidi: kwamba ratiba itaua raha ya mchangani, ule mchezo unaojianzia wenyewe, timu zinazochaguliwa papo hapo, rede inayochezwa mpaka mama aite. Hatari hiyo ni ya kweli, na sehemu ambako kila saa ina kocha na filimbi watoto huacha kubuni. Ndiyo maana ratiba nzuri huwa na vipindi vilivyoandikwa "huru": angalau robo ya uwanja kila siku, na asubuhi moja nzima ya mwisho wa wiki, bila kocha, mipira ikiazimwa kutoka stoo kwa kuandika jina. Kando ya uzio kuwe na meza ya bao na ya drafti chini ya mti, na njia ya kutembea ya kuzunguka uwanja kwa wazee na wajawazito. Uhuru huo unahitaji kulindwa kwa maandishi kama saa nyingine yoyote, la sivyo ndio wa kwanza kumezwa.

Yote haya yanasimama juu ya daftari. Msimamizi achore safu sita: tarehe, saa, kundi, waliokuja wa kike, waliokuja wa kiume, umri kwa makadirio. Ahesabu katikati ya kipindi, kwa kuwa mwanzoni wachelewaji hawajafika na mwishoni wameshaanza kutawanyika. Baada ya miezi mitatu daftari litaonyesha kwamba kikundi kilichoshika Jumanne kwa mazoea kinaleta watu sita, huku netiboli ya Alhamisi ikiwa na 30 na wengine wanasubiri nje ya mstari. Kamati isome tarakimu hizo kwa sauti mbele ya vikundi vyote, ibadilishe siku, kisha ibandike ratiba mpya getini siku saba kabla ya kuanza kutumika, ya zamani ikiwa kando yake ili kila mtu aone ni saa ya nani iliyohamishwa na imekwenda kwa nani.