Udongo Uliotiwa Sumu Huponaje?

Katika vibanja vya Bweranyange na sehemu nyingine za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, migomba husimama mahali pamoja kwa miaka mingi, chipukizi likirithi nafasi ya mgomba uliokatwa. Kati yake hustawi mibuni na maharage. Udongo wa kibanja hutandazwa majani makavu na kutiwa samadi, na kazi ya kuyageuza hayo kuwa rutuba hufanywa na wanyama wadogo wasio na uti wa mgongo: nyungunyungu, jongoo, mchwa, utitiri, na kolembola, ambao ni vijidudu vyenye kifaa cha kurukia chini ya tumbo. Dawa inayomwagwa kwenye shina la mgomba huwafikia wote hao.

Mdudu anayekusudiwa kuuawa ni fukusi wa migomba. Jike hutaga mayai karibu na kitako cha mgomba, na mabuu yake huchimba njia ndani ya kitako hicho mpaka mgomba hudhoofika na kuangushwa na upepo. Kati ya sumu zilizotumiwa dhidi yake katika Afrika Mashariki zilikuwamo dieldrini na karbofurani. Dieldrini ilipigwa marufuku na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, kwa kuwa hukaa muda mrefu katika udongo na hulimbikizana katika miili ya viumbe. Karbofurani ni sumu kali kwa nyungunyungu na ndege. Mwaka 2017 iliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Rotterdam, unaosimamia biashara ya kemikali za hatari.

Ni vema kutambua tofauti moja. Buu la fukusi limejificha ndani ya kitako, lakini sisimizi wanaokula mayai na mabuu hayo hutembea juu ya udongo na ndani ya matandazo. Hivyo sumu inayonyunyizwa juu inaweza kumpata rafiki wa mkulima kabla ya kumpata adui.

Upimaji katika maabara

Kanuni za kimataifa za upimaji zilitolewa na Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, OECD. Katika jaribio la mwaka 1984, nyungunyungu wa aina ya Eisenia fetida huwekwa katika udongo uliochanganywa na dawa kwa vipimo mbalimbali, na waliokufa huhesabiwa hadi siku ya 14. Lakini nyungunyungu anaweza kubaki hai bila kuzaa. Kwa sababu hiyo jaribio la mwaka 2004 huchukua siku 56: baada ya siku 28 wakubwa huondolewa, na baada ya siku nyingine 28 huhesabiwa watoto waliototolewa.

Majaribio haya hutoa vipimo vinavyoweza kulinganishwa kati ya nchi na nchi. Hata hivyo, Eisenia fetida hupenda kuishi katika samadi na takataka zinazooza, wala si mchimbaji wa udongo wa ndani. Tena chupa ya maabara haina jirani.

Kupona hutoka wapi?

Jambo hilo la ujirani ndilo kiini cha suala. Viumbe hurudi katika udongo ulioathirika kwa njia mbili. Kwanza, baadhi ya mayai huokoka; nyungunyungu hutaga mayai ndani ya vifuko vyenye ngozi ngumu. Pili, wengine huhamia kutoka ardhi ya pembeni isiyotiwa dawa. Lakini nyungunyungu wengi hueneza makazi yao mita chache tu kwa mwaka.

Ichukuliwe kwamba aina fulani husonga mita 5 kwa mwaka. Katika kipande cha mita 10 kwa 10, katikati pako mita 5 kutoka ukingoni, kwa hiyo wageni watafika baada ya mwaka mmoja. Katika eneo la mita 200 kwa 200, katikati pako mita 100, na safari hiyo itachukua miaka 20. Dawa ni ile ile na kipimo ni kile kile, ila ukubwa wa eneo umebadilika.

Majaribio ya shambani kwa kawaida huendelea kwa mwaka mmoja katika vipande vidogo. Mtafiti asipotenganisha waliozaliwa humo na waliohamia, anaweza kusema kwamba dawa haina madhara ya kudumu, kumbe kipande chake kimeponywa na majirani. Kijiji kizima kinyunyize siku moja, majirani hao hawatakuwapo.

Kazi ya mwanafunzi

Shule haipaswi kununua wala kushika sumu ili kujifunza haya. Njia ya kuhesabu imekwisha kuwekwa na mpango wa utafiti wa rutuba na viumbe wa udongo wa tropiki, TSBF, ulioanzishwa mwaka 1984 na ambao baadaye ulikuwa na makao yake Nairobi. Huchimbwa mche wa udongo wenye upana wa sentimita 25 kwa 25 na kina cha sentimita 30, kisha wanyama wote wanaoonekana hutengwa kwa mkono na kuhesabiwa. Hesabu hiyo ikizidishwa kwa 16 hutoa idadi katika mita moja ya mraba.

Wanafunzi wachague vipande kadhaa vyenye matandazo, wahesabu kwanza, kisha waondoe matandazo katika nusu ya vipande hivyo na kuacha vingine vilivyo kwa ulinganisho. Baada ya mwezi wayarudishe, waendelee kuhesabu kila mwezi, wakichimba ukingoni na katikati. Bila hesabu ya mwanzo na vipande vya ulinganisho, upungufu unaoletwa na kiangazi utadhaniwa umeletwa na jaribio.

Nchini Tanzania usajili wa viuatilifu uko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Lakini mkulima asiyekuwa na maabara naye anayo kinga: kupanda machipukizi safi, kukatakata mabaki ya migomba iliyovunwa ili fukusi asizaliane humo, na kuwatega fukusi kwa vipande vya shina. Na pale ambapo dawa haiepukiki, itiwe kwenye mashina yaliyoshambuliwa tu, na sehemu ya kibanja iachwe bila dawa, ili wanyama wa udongo wapate mahali pa kurudi kutoka.