Mapera yanayooza chini ya mti yageuzwe pipi laini za watoto

MSIMU wa mapera ukikolea, bei ya tenga hushuka kiasi kwamba baadhi ya wakulima huona ni heri kuyaacha yaanguke na kuliwa na ndege. Pera lililoiva halisubiri gari. Siku chache tu limekwisha kulainika na kuingia funza. Wakati huohuo, katika duka la kijiji hichohicho, watoto wananunua pipi laini za kutafuna ambazo tunda lake mara nyingi ni lile lililochorwa kwenye karatasi.

Pipi nyingi za aina hiyo hugandishwa kwa jelatini, unga unaotokana na ngozi na mifupa ya wanyama kama ng'ombe au nguruwe. Kwa muuzaji wa Tanga au Zanzibar hilo si jambo dogo, maana mteja Mwislamu atataka kujua ni mnyama gani. Aidha, jelatini haipatani na nanasi au papai bichi. Matunda hayo yana vimeng'enya vinavyoivunja, na mchanganyiko hubaki maji hadi asubuhi. Lazima kwanza yachemshwe.

Pera halina usumbufu huo kwa sababu limebeba kigandishi chake lenyewe, yaani pektini. Wabrazili wamekuwa wakipika mapera na sukari hadi yanakuwa kipande cha kukatwa kwa kisu, wanachokiita goiabada. Siri iko katika kuchagua. Pera lililoiva sana lina harufu nzuri lakini pektini yake imepungua, hivyo changanya sehemu mbili za yaliyoiva na sehemu moja ya yaliyokomaa ila bado magumu. Mwenye maembe anaweza kuyachanganya na mapera, kwani embe lililoiva peke yake huganda kwa shida.

Osha mapera, ondoa yaliyooza, katakata na uchemshe kwa maji kidogo hadi yalainike. Yapitishe kwenye chekeche ili mbegu zibaki. Pima rojo lililopatikana: kila kilo moja itiwe sukari gramu 750 na vijiko viwili vikubwa vya maji ya ndimu. Ndimu si ya ladha tu, kwani pektini haishiki vizuri pasipo uchachu.

Injika tena kwa moto wa wastani na ukoroge bila kuacha, kwa mwiko mrefu. Rojo hilo huruka kama uji mzito na huunguza vibaya, kwa hiyo watoto wakae mbali na jiko. Limeiva pale mwiko unapopita na kitako cha sufuria kuonekana, nalo likajikusanya pamoja. Wengi huharibu hapa kwa kuchoka mapema. Pipi iliyotolewa kabla ya wakati hubaki laini na kuota ukungu.

Mimina kwenye sinia lililopakwa mafuta kidogo, unene usizidi sentimita moja na nusu, kisha ufunike hadi kesho yake. Kilo moja ya rojo hutoa kilo moja na ushee ya pipi, yaani zaidi ya vipande 50 vya gramu 20. Katika hesabu ya bei, sukari na mkaa ndivyo vinavyokula fedha, si mapera. Anayesahau kuhesabu mkaa atauza kwa hasara huku akidhani anapata.

Hata hivyo, pipi ya matunda bado ni pipi. Kipande cha gramu 20 kina sukari ya takriban vijiko vitatu vya chai, hivyo kimoja kinatosha kwa siku. Kwa watoto wadogo kikatwe vipande vyembamba, kwa kuwa kipande kinene kinaweza kumkaba mtoto.

Anayetaka kuuza madukani anapaswa kujua kwamba tangu Julai 2019 usajili wa vyakula Tanzania Bara uko chini ya Shirika la Viwango (TBS), baada ya kuondolewa kwa iliyokuwa TFDA. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973, ina ofisi mikoani na hufundisha usindikaji. Lebo ionyeshe viambato, uzito, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa kutumika, pamoja na anwani. Ukanda wa Pwani una unyevu mwingi. Pipi zisipofungwa vizuri hutoa jasho na kushikana, kwa hiyo kila kipande kifungwe peke yake kabla ya kutiwa kwenye pakiti.