Kamera ya Kihambani Huzeeka Kwenye Programu

Jani la mgomba likitikiswa na upepo saa nane usiku huko Marangu, simu inalia Dar es Salaam. Mwenye nyumba anaamka, anaangalia, anaona ukungu na majani yaliyogeuka rangi ya kijivu, anarudi kulala. Baada ya muda mfupi inalia tena. Akishachoka huzima tahadhari zote, na kuanzia usiku huo kamera zake zinarekodi tu bila kumwambia mtu yeyote chochote.

Hali hii inatokana na namna watu wanavyoishi kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Familia nyingi za Kichaga zina nyumba kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, katikati ya migomba na mibuni, ilhali wenyewe wako Dar, Arusha, Mwanza au ng'ambo kwa sehemu kubwa ya mwaka. Nyumbani anabaki bibi, au kijana wa kulisha ng'ombe, au kufuli peke yake. Kamera za CCTV zimekuja kuziba pengo hilo, na zimeweza kufanya hivyo kwa sababu mtandao umepanda mlima. Agosti 2022 shirika la mawasiliano TTCL lilifikisha intaneti ya kasi Horombo, kituo cha wapandaji kilicho mita 3,720 juu ya usawa wa bahari kwenye njia ya Marangu, na Desemba mwaka huohuo intaneti hiyo ikafika kilele cha Uhuru. Huku chini vijijini, laini ya simu ndani ya rauta ndogo inatosha kumwonyesha mtu aliye Dar nani amesimama getini.

Tunapozungumzia kamera hizi tunazungumzia lenzi, idadi ya megapikseli, umbali zinaoweza kuona gizani. Mimi nasema tunatazama pasipostahili. Kamera ya mtandao ni kompyuta kamili: ina prosesa, ina kumbukumbu, ina mfumo wa uendeshaji ambao mara nyingi ni Linux, na juu yake programu ya kiwanda ambayo mafundi huiita fimuwea. Lenzi iliyokingwa vizuri na mvua hudumu miaka mingi. Programu huanza kuzeeka siku inapotoka kiwandani, na katika nyumba nyingi haiguswi tena tangu fundi aliposhuka kwenye ngazi.

Tumalizane kwanza na lile jani. Kamera za kawaida hugundua mwendo kwa kulinganisha picha moja na iliyoitangulia. Programu huigawa picha katika vijisanduku, ikahesabu vingapi vimebadilika mwanga, na hesabu ikivuka kiwango kilichowekwa hutuma tahadhari. Haijui mtu ni nini. Jani la mgomba linaweza kuzidi mita mbili kwa urefu, na likipita mbele ya kamera hubadilisha vijisanduku vingi kuliko mwizi anayenyata kwenye kona ya uwanja. Usiku mambo huwa mabaya zaidi. Kamera huwasha taa zake za infraredi, nyingi zikiwa za mawimbi ya nanomita 850, ambazo jicho letu haliuoni mwanga wake isipokuwa wekundu hafifu kwenye taa zenyewe. Ukungu wa masika ukishuka, matone yake madogo hutawanya mwanga huo na kuurudisha kwenye lenzi, picha nzima ikawa pazia jeupe linalosogea. Buibui naye hupenda kutega utando mbele ya taa hizo, na uzi mmoja ulio sentimita chache kutoka kwenye lenzi huonekana mnene kama mkono.

Dawa ya kwanza ni ufagio na ngazi. Ya pili iko kwenye mipangilio: kuchora eneo la kuangaliwa liishie getini na mlangoni, migomba ibaki nje ya mstari. Ya tatu ndiyo inayonivutia zaidi. Fimuwea za miaka ya karibuni, kwa kamera zenye prosesa inayomudu, hubeba mtandao wa neva bandia uliofundishwa kwa picha nyingi mno kutambua umbo la binadamu na la gari. Jani likipepea, linapuuzwa. Mtu akiingia, hata akitembea polepole, tahadhari inatoka. Kuna kamera zilizopata uwezo huo kwa kusasishwa tu, bila kubadilishwa hata skrubu moja, na kuna nyingine ambazo prosesa yake haitauweza kamwe. Kabla ya kununua kamera mpya, muulize fundi kiwanda kimetoa toleo gani la mwisho la fimuwea kwa ile iliyopo.

Si kila ugonjwa ni wa programu. Fundi mzuri hutambulika kwa swali lake la kwanza: tatizo linatokea saa ngapi? Kamera inayofanya kazi mchana kutwa kisha ikajizima giza linapoingia, ikawaka, ikazima tena, karibu kila mara inalilia umeme. Taa za infraredi zikiwaka huongeza matumizi, adapta dhaifu au waya mrefu mwembamba vinashindwa, volti inashuka, kamera inajiwasha upya. Kusasisha programu hapo ni kumpa dawa ya malaria mtu aliyevunjika mguu. Zikizimika kamera zote kwa pamoja, chunguza swichi ya mtandao au rauta. Ikizimika moja, fuata waya wake hadi kwenye plagi, ukikumbuka kwamba waya wa mtandao wa kawaida hauaminiki ukipita mita 100. Ikiwa picha inaonekana nyumbani ila simu iliyo Dar haioni kitu, kamera ni nzima, tatizo ni njia ya kutoka nje. Na kama inaonekana kwenye simu lakini si kwenye kompyuta, huenda ni kamera ya zamani inayodai Flash, ambayo iliachwa mwisho wa 2020, au Internet Explorer, iliyostaafishwa Juni 2022.

Kuhusu hiyo njia ya kutoka nje, inafaa kueleza kidogo. Laini ya simu ndani ya rauta kwa kawaida haipewi anwani yake ya kipekee kwenye intaneti. Wateja wengi wa kampuni hutumia anwani moja ya pamoja, kwa hiyo simu ya Dar haiwezi kubisha hodi moja kwa moja kihambani. Kamera yenyewe ndiyo huanza, ikaunganika na seva ya kampuni iliyoitengeneza, na simu nayo huenda hapohapo, seva ikazikutanisha. Ikiwa seva imebadilisha utaratibu wake na kamera haikusasishwa, simu itaonyesha kwamba kamera haipo hewani hata kama taa yake inawaka vizuri. Na bando? Mkondo mkuu wa video, wenye picha kali zaidi, wa megabiti 4 kwa sekunde hula gigabaiti 1.8 kwa saa moja ya kutazama. Mkondo mdogo wa kilobiti 512 hula megabaiti 230 hivi. Chagua mdogo, ufungue mkuu ukiona jambo.

Kuna kipengele ambacho wenye nyumba hukidharau hadi siku ya kesi: saa. Vinasa vingi, yaani visanduku vinavyohifadhi video za kamera, hutoka kiwandani vikiwa na majira ya China, ambayo yako mbele yetu kwa saa tano. Mwizi akiingia saa nane usiku, video itasema ni saa moja asubuhi, wakati ambapo nje kungekuwa kumekucha na watoto wako njiani kwenda shule. Betri ndogo ya kinasa nayo ikifa, kila umeme unapokatika saa hurudi mwanzo, na tarehe inaweza kusomeka 1 Januari 1970, siku ambayo mifumo ya jamii ya Linux huanzia kuhesabu sekunde. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali ushahidi wa kielektroniki mahakamani, lakini inataka uzito wake upimwe kwa kuangalia ulivyotengenezwa na ulivyotunzwa. Wakili wa upande wa pili hahitaji elimu kubwa ya kompyuta kuuliza kwa nini usiku unaitwa asubuhi. Kuweka majira ya Afrika Mashariki na kukiruhusu kinasa kuchukua saa kutoka kwenye mtandao ni kazi ya dakika chache. Hesabu hiyo ya sekunde ina mtego mwingine: vifaa vinavyoihifadhi katika biti 32 vitafika ukomo tarehe 19 Januari 2038, asubuhi kwa saa zetu, kisha virudi nyuma hadi Desemba 1901. Visiposasishwa kabla ya hapo, rekodi zake zitakuwa na tarehe za enzi ya Wajerumani.

Sasa jambo zito. Mwaka 2016 kirusi kilichoitwa Mirai kilizunguka intaneti kikijaribu kwenye kila kifaa orodha fupi ya majina na nywila za kiwandani, zipatazo sitini, za aina ya "admin" na "12345". Hakikuhitaji ufundi zaidi ya huo. Kilipofika kileleni kilikuwa kimeteka vifaa laki sita hivi, vingi vikiwa kamera, vinasa na rauta za majumbani, na tarehe 21 Oktoba 2016 sehemu ya jeshi hilo ilitumika kuizidi nguvu kampuni ya Dyn ya Marekani, iliyokuwa ikielekeza watumiaji kwenye tovuti nyingi, watu wengi wakashindwa kufungua Twitter na Netflix. Wenye kamera hawakujua. Picha zao ziliendelea kuonekana kama kawaida, labda intaneti ilikuwa nzito kidogo. Mirai ilikaa kwenye kumbukumbu ya muda tu, hivyo kuzima na kuwasha kamera kuliifuta. Lakini kama nywila ilibaki ileile, kamera iliweza kutekwa tena ndani ya dakika chache. Ndiyo maana mimi siridhiki na fundi anayezima, anawasha, anaona picha imerudi, anaondoka.

Wala nywila nzuri peke yake haitoshi. Septemba 2021 Hikvision, kampuni kubwa ya kamera ya China, ilitangaza kasoro iliyomwezesha mshambuliaji kuamrisha kamera bila nywila yoyote, kasoro iliyopewa alama 9.8 kati ya 10 kwa hatari. Siku hiyohiyo fimuwea ya kuiziba ilikuwa tayari, bure. Karibu mwaka mmoja baadaye, Agosti 2022, watafiti wa kampuni ya CYFIRMA waliripoti kamera zaidi ya 80,000 duniani zilizokuwa wazi bado. Dawa ilikuwepo, hakuna aliyepanda ngazi kuinywesha.

Basi kusasisha ni lazima, lakini kuna namna ya kufanya hivyo. Kwanza, soma modeli kamili kwenye kibandiko cha kamera pamoja na toleo la maunzi yake, kisha chukua faili linalolingana kwenye tovuti ya mtengenezaji, si lile lililopita mikono mingi ya WhatsApp. Kamera zinazofanana kwa sura zinaweza kuwa na chipu tofauti ndani, na zile zilizotengenezwa kwa soko la China zikapitia njia za panya hadi Kariakoo zinaweza kukataa fimuwea ya kimataifa au kufa nayo. Hifadhi mipangilio iliyopo. Kisha hakikisha umeme.

Umeme ndiyo kiini cha hofu ya mafundi. Wakati wa kusasisha, kamera hufuta programu ya zamani kwenye chipu yake na kuandika mpya juu yake kwa dakika kadhaa. TANESCO ikikata umeme katikati, chipu inabaki na nusu ya programu, na kamera haijui tena jinsi ya kuamka. Kamera bora zina sehemu mbili za kuhifadhia: mpya huandikwa upande mmoja, ya zamani ikingoja upande wa pili, na mambo yakiharibika kamera hurudi ilikotoka. Za bei nafuu nyingi hazina kinga hiyo. UPS ndogo, yaani betri ya akiba, inayoweza kushikilia kamera, kinasa, swichi na rauta kwa nusu saa ni gharama ndogo kuliko kununua kamera nyingine, na mvua yenye radi ikionekana inakuja, subiri kesho.

Baada ya kusasisha, kazi ya kukagua huanza. Mara nyingine toleo jipya hurudisha mipangilio ya kiwandani bila kutangaza: saa inarudi China, rekodi ya mfululizo inajizima, na sanduku jeusi la faragha lililokuwa likifunika dirisha la jirani kwenye picha linatoweka. Hili la mwisho lina uzito kihambani, ambako njia ya mguu ya ukoo mzima hupita ubavuni mwa nyumba yako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inailinda taarifa inayomtambulisha mtu, na sura ya mama anayepita na mzigo wa majani ya ng'ombe imo humo. Kagua pia ujazo wa diski. Kamera nne za megabiti 2 kila moja hujaza gigabaiti 86 kwa siku, kwa hiyo diski ya terabaiti moja hushika siku kumi na moja tu kabla ya kuanza kujifuta. Chipu ikimudu mfumo wa kubana video wa H.265 badala ya H.264, siku hizo zinakaribia kuwa maradufu.

Wakati mzuri wa kazi hii ni Desemba, watu wanaporudi nyumbani kwa Krismasi na mwenye nywila yuko karibu na ngazi. Ila isifanywe siku ya mwisho, magari yakiwa yamepakiwa ndizi. Ifanywe siku ya pili au ya tatu baada ya kufika, ili zipite siku na usiku kadhaa kamera ikiangaliwa na watu waliopo: mtu atembee getini gizani aone kama simu italia, mwingine atikise mgomba aone kama itanyamaza, rauta izimwe na kuwashwa kujua kama kila kitu kinajiunga chenyewe. Na kijana anayebaki aonyeshwe plagi ipi ni ya rauta na ipi ni ya kinasa, aandikiwe pia namba ya fundi, kwa sababu Februari akipigiwa simu kutoka Dar ndiye atakayekuwa amesimama mbele ya vifaa hivyo.